Taa za Nyuma za Gari: Kung'aa Si Kueleweka

Katika miji na barabara kuu za Afrika ya Mashariki umeenea mtindo wa kuzigeuza taa za nyuma za magari. Wako wenye magari wanaong'oa balbu za kiwandani na kutia nyingine zenye nguvu zaidi. Wako wanaoondoa vioo vyekundu vya taa na kuweka vyeupe. Wako wanaobandika karatasi nyeusi ya plastiki juu ya taa ili gari lipendeze. Na wako, hasa wenye mabasi na pikipiki za abiria, wanaoipamba sehemu ya nyuma kwa taa za buluu, za kijani na za zambarau zinazowaka na kuzimika bila kituo. Ukiwatoa wale wanaotafuta urembo tu, wengi wao wakiulizwa sababu hutoa jibu moja: wanataka gari lionekane.

Nia hiyo ni njema, kwa maana gari lisiloonekana usiku ni mtego. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mageuzi hayo hayaleti usalama unaotafutwa, na baadhi yake huuondoa hata ule uliokuwapo. Kosa lao ni moja. Wanachanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali, yaani kung'aa na kueleweka.

Taa ya mbele ipo ili dereva aone. Taa ya nyuma haimsaidii dereva wa gari hilo kuona chochote. Ipo kwa ajili ya mtu mwingine anayekuja nyuma yake. Kwa hiyo taa ya nyuma ni lugha, tena lugha yenye maneno machache mno: "nipo", "napunguza mwendo", "nakata kona", "narudi nyuma". Lugha ya maneno machache hutegemea kila neno litamkwe waziwazi na lisifanane na jingine. Ndiyo sababu kila mageuzi ya taa za nyuma yanapasa kupimwa kwa swali moja tu: je, dereva aliye nyuma ataupata ujumbe mapema zaidi na bila kuukosea? Swali hilo likijibiwa kwa sayansi badala ya mazoea, itaonekana kwamba mageuzi yenye manufaa makubwa ni yale ya bei ndogo yasiyo na fahari yoyote.

HESABU YA GIZANI

Kabla ya kuzungumzia balbu na waya, yafaa msomaji aupime uzito wa jambo lenyewe kwa hesabu ya kidato cha tatu. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 na kitu katika kila sekunde. Dereva aliye macho, akikutana na kitu asichokitarajia, huhitaji yapata sekunde moja na nusu ya kukiona, kukitambua na kukanyaga breki. Katika muda huo gari limekwisha kwenda mita 33 bila kupunguza mwendo hata kidogo. Juu ya lami kavu, breki nzuri huweza kupunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde katika kila sekunde, na hapo gari huhitaji mita nyingine 41 hata lisimame. Jumla ni mita 74.

Sasa lichukuliwe lori lililoharibika usiku kwenye barabara kuu isiyo na taa, likiwa limesimama nusu juu ya lami, betri yake imekwisha, na nyuma yake pamejaa vumbi na grisi. Taa za mbele zilizoinamishwa humwezesha dereva kukiona kitu cheusi kwa umbali wa mita 50 hivi. Anahitaji mita 74, naye anazo 50. Hesabu ile ile huonyesha kwamba atalifikia lori akiwa bado na mwendo wa zaidi ya kilometa 60 kwa saa. Dereva huyo hakulewa, hakusinzia, wala hakuvunja sheria ya mwendo. Alichokosa ni taarifa iliyopaswa kumfikia mita 24 mapema.

Desturi ya kutandaza matawi ya miti barabarani nyuma ya gari lililoharibika ni ushahidi kwamba watu wanaielewa hatari hiyo. Mchana desturi hiyo husaidia. Usiku tawi haliakisi mwanga wa kutosha, kwa hiyo dereva huliona akiwa amekwisha likaribia mno. Na mara nyingi gari likishaondoka, matawi huachwa palepale yakawa hatari mpya kwa waendesha baiskeli na pikipiki.

JICHO HUPIMA TOFAUTI

Wengi hudhani kwamba jicho ni kama mizani, hupima kiasi cha mwanga kilivyo. Jicho halifanyi hivyo. Jicho hutambua zaidi tofauti: kati ya kitu na kilicho nyuma yake, na kati ya hali ya sasa na hali iliyotangulia. Mshumaa mmoja ukiongezwa katika chumba chenye mshumaa mmoja, kila mtu hushtuka. Ukiongezwa penye mishumaa mia moja, hakuna atakayejua.

Waliobuni taa za magari waliitumia kanuni hiyo. Katika magari mengi ya volti 12 yanayotumia balbu za uzi wa tangsteni, balbu moja ya nyuma ina nyuzi mbili. Uzi wa wati 5 huwaka muda wote wa usiku na kusema "nipo". Uzi wa wati 21 huwaka dereva anapokanyaga breki na kusema "napunguza mwendo". Ule wa kwanza hutoa mwanga wa lumeni 35 hivi, na wa pili lumeni 440, yaani zaidi ya mara kumi na mbili. Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Hata kanuni za Umoja wa Mataifa za vipimo vya magari hudai kwamba taa ndogo ya nyuma isiwe chini ya kandela 4, ilhali taa ya breki isiwe chini ya kandela 60.

Basi na lifikiriwe tendo la mtu anayetaka "kuongeza usalama" kwa kuweka wati 21 mahali pa wati 5. Gari lake kweli litang'aa. Lakini siku atakapokanyaga breki, taa yake itakuwa imekwisha kusema tangu safari ilipoanza, na dereva wa nyuma hataona badiliko lolote. Ameongeza mwanga, akaliua neno. Zaidi ya hayo, kioo cha taa cha plastiki na soketi yake vilitengenezwa kustahimili joto la wati 5 kwa saa nyingi na la wati 21 kwa muda mfupi. Balbu kali ikiwaka usiku kucha, plastiki huweza kupinda na soketi kuungua.

Atatokea mtu wa Mbeya au Njombe, wanakojua ukungu ulivyo, na kuuliza kama hakuna hali ambayo mwanga mkali nyuma unahitajika. Upo wakati huo, na wahandisi waliujibu kwa kutengeneza taa ya pekee ya ukungu, ambayo ni nyekundu na yenye kandela kati ya 150 na 300. Lakini angalia masharti waliyoiwekea. Ina swichi yake peke yake, huwashwa katika ukungu mzito tu, na lazima ikae mbali na taa ya breki kwa zaidi ya sentimita 10 ili isiimeze. Hata penye haja ya mwanga mwingi, kulinda tofauti kulitangulizwa.

KWA NINI RANGI NYEKUNDU

Katika madarasa mengi husemwa kwamba taa za nyuma ni nyekundu kwa sababu wimbi la mwanga mwekundu ni refu, nalo hupenya ukungu na vumbi vizuri kuliko rangi nyingine. Maelezo hayo yana ukweli nusu, na nusu nyingine yapasa kusahihishwa. Ni kweli kwamba mwanga mwekundu una urefu wa wimbi wa nanometa 620 na zaidi. Ni kweli pia kwamba molekuli za hewa hutawanya mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu; jambo hilo lilielezwa na Lord Rayleigh mwaka 1871, nalo ndilo sababu ya anga kuwa buluu. Lakini kanuni hiyo hufaa kwa chembe zilizo ndogo sana kuliko wimbi lenyewe. Matone ya ukungu na chembe nyingi za vumbi la barabarani ni makubwa kuliko wimbi la mwanga, nayo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Ndiyo maana ukungu ni mweupe, si wa buluu.

Ubora wa nyekundu uko kwingine. Kwanza, mwanga mwekundu hauyasumbui sana macho yaliyokwisha zoea giza, kwa hiyo dereva aliye nyuma haharibiwi uwezo wake wa kuona usiku. Pili, na hili ndilo kubwa, nyekundu imekubaliwa na ulimwengu mzima kuwa na maana moja, tangu siku za reli: hatari, simama. Mapatano ya kimataifa ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani yalijengwa juu ya ada hiyo, kwamba nyekundu ni ya nyuma ya gari na nyeupe ni ya mbele. Dereva akiona nyeupe gizani, ubongo wake huamua kabla hajafikiri kwamba gari linamjia. Akiona nyekundu, hujua kwamba anafuata gari au analikaribia. Anayeweka kioo cheupe na balbu nyeupe nyuma amesema uongo kwa lugha ambayo wenzake wanaiamini. Anayeweka buluu ameazima neno la polisi na gari la wagonjwa. Na basi lenye rangi saba zinazopepesa limekuwa debe tupu lisiloacha kuvuma: linavuta macho ya kila mtu, lakini hakuna awezaye kusema limefunga breki au linakwenda.

Hapa pia pana somo kwa wanaonunua diodi zinazotoa mwanga, ambazo mafundi huziita taa za LED. Diodi nyekundu ina sifa ya kweli. Huwaka mara moja, ilhali uzi wa tangsteni huhitaji yapata moja ya tano ya sekunde kupata moto wa kutosha. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, moja ya tano ya sekunde ni mita 4 na nusu, urefu wa gari dogo zima. Lakini mtu akitia diodi nyeupe nyuma ya kioo chekundu, hupata hasara. Kioo chekundu hakigeuzi rangi. Huzuia rangi nyingine na kupitisha nyekundu peke yake. Mwanga wa diodi nyeupe huwa na buluu nyingi na nyekundu kidogo, hivyo sehemu kubwa ya mwanga aliounulia hufia ndani ya taa. Tena, kioo na kiakisi vya taa ya zamani vilichorwa kwa ajili ya uzi unaotoa mwanga pande zote. Diodi inayotoa mwanga upande mmoja huweza kung'aa sana kwa mtu aliyesimama nyuma kabisa, na kuonekana hafifu kwa aliye pembeni kidogo. Afaaye kubadili ni yule anayeweka taa nzima iliyobuniwa kwa diodi tangu mwanzo.

KUTU NA VUMBI

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika taa za nyuma, ufa ni kutu katika waya wa ethi. Umeme hutoka betrini, hupita swichi na waya, huingia balbuni, kisha hurudi kupitia bodi la gari. Njia hiyo ya kurudi husahauliwa na wengi. Skrubu ya ethi ikishika kutu, huzaa ukinzani. Balbu ya wati 21 katika volti 12 hupitisha mkondo wa ampea 1.75, na ukinzani wake ikiwa imewaka ni omu 7 hivi. Kutu ikileta omu 1 tu, balbu itabaki na volti 10 na nusu. Hasara hiyo yaonekana ndogo, lakini mwanga wa uzi wa tangsteni haupungui kwa kadiri ya volti. Hupungua kwa kasi zaidi. Kwa volti 10 na nusu, zaidi ya theluthi moja ya mwanga imekwisha potea. Volti zikipungua kwa moja ya tano, zaidi ya nusu ya mwanga hutoweka.

Dalili yake yajulikana kwa kila fundi. Dereva akikanyaga breki huku indiketa inafanya kazi, taa zisizohusika huanza kupepesa kwa uhafifu, kwa sababu umeme uliokosa ethi yake hutafuta njia kupitia balbu nyingine. Mwenye gari akiona hivyo huenda dukani kununua balbu kali zaidi. Balbu hiyo huvuta mkondo mkubwa zaidi, nao mkondo mkubwa ukipita katika kutu ile ile hupoteza volti nyingi zaidi. Dawa haikuwa balbu. Dawa ilikuwa msasa, skrubu mpya na grisi kidogo.

Kipimo chake ni rahisi. Ncha moja ya voltimeta hushikizwa kwenye hasi ya betri, ya pili kwenye ganda la soketi ya taa, na mtu mwingine hukanyaga breki. Sindano inapasa kubaki karibu na sifuri. Ikisoma volti nzima au zaidi, ethi ni mbovu.

Pamoja na kutu liko vumbi. Katika barabara za udongo, safari ya siku moja yatosha kufunika taa kwa ganda la vumbi au tope. Kitambaa chenye maji ndicho chombo cha usalama kilicho rahisi kuliko vyote barabarani, na utingo anayekipitisha kwenye taa kila lori linaposimama anafanya kazi ya kuokoa maisha.

FUNZO LA TAA YA TATU

Ikiwa lipo geuzo moja la taa za breki lililopimwa kwa uangalifu, ni taa ya tatu, ile iliyowekwa katikati na juu, karibu na kioo cha nyuma. Mwanasaikolojia wa Marekani, John Voevodsky, aliweka taa ya ziada ya aina hiyo katika teksi 343 za San Francisco na kuziacha teksi 160 bila taa hiyo ili kulinganisha. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1974 yalionyesha kwamba teksi zenye taa ziligongwa kwa nyuma pungufu kwa asilimia 60 hivi. Majaribio mengine yaliyofuata yalionyesha pia upungufu mkubwa, na serikali ya Marekani ikaamuru kila gari jipya dogo la abiria liwe na taa hiyo kuanzia Septemba 1985.

Lakini sayansi haikukoma hapo. Serikali hiyo iliendelea kuhesabu ajali, na ripoti yake ya mwaka 1998 ilionyesha kwamba manufaa yalikuwa asilimia 8.5 mwaka 1987, kisha yakashuka na kutulia kwenye asilimia 4.3. Sababu moja ni kwamba majaribio ya kwanza yalihesabu hasa zile ajali ambazo gari lililo mbele lilikuwa linafunga breki, ilhali hesabu za baadaye zilichukua migongano yote ya nyuma. Sababu nyingine ni mazoea. Taa ya tatu ilipokuwa kwenye magari machache ilikuwa kioja kilichovuta macho. Ilipokuwa kwenye magari yote, jicho lilizoea.

Mafunzo hapa ni mawili. La kwanza ni kwamba asilimia 4.3 si kidogo kwa kifaa cha bei ndogo, nayo yadumu. Mwenye gari la zamani lisilo na taa hiyo atakuwa amefanya jambo la busara akiiweka, nyekundu, juu, na iwake kwa breki tu. La pili ni onyo kwa kila anayevutiwa na taa za kupepesa. Kitu kigeni huvuta macho kwa ugeni wake, na ugeni huisha. Hata kanuni za Umoja wa Mataifa zinazokubali taa za breki kupepesa zimeyafunga mambo hayo kwenye dharura peke yake, yaani pale gari lililokuwa na mwendo wa zaidi ya kilometa 50 kwa saa linapofunga breki kwa nguvu sana. Neno la dharura likisemwa kila wakati, hakuna atakayelisikia siku ya dharura yenyewe.

UTEPE USIOHITAJI BETRI

Lipo jibu lililo bora zaidi kwa lori la mita 50 lililotajwa hapo juu, nalo halina waya wala balbu: utepe wa kuakisi mwanga. Kioo cha kawaida, mwanga ukikijia kwa upande, huutupa upande mwingine. Lakini vioo vitatu vikikutanishwa kama kona ya ndani ya sanduku, mwanga unaoingia hugonga kimoja baada ya kingine na kurudi kulekule ulikotoka, hata ukiingia kwa mshazari. Utepe wa kuakisi umejaa kona ndogondogo za namna hiyo, au shanga ndogo za kioo zifanyazo kazi inayokaribiana nayo. Kanuni hiyo hiyo ndiyo ya viakisi vilivyoachwa mwezini na wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969, ambavyo hurudisha duniani miale ya leza hata leo. Utepe hutumia taa za gari linalokuja. Betri ya lori ikifa, wenyewe haufi.

Nchini Marekani trela zote kubwa zilizotengenezwa tangu Desemba 1993 zilitakiwa kuwa na utepe huo. Utafiti wa serikali uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kwamba gizani utepe ulipunguza ajali za trela kugongwa ubavuni na nyuma kwa asilimia 29, na mahali pasipo taa za barabarani kwa asilimia 41. Utafiti huo uliongeza jambo ambalo kila utingo angefaa kulijua: kwa ajali za kugongwa nyuma gizani, utepe safi ulizipunguza kwa asilimia 53, na utepe mchafu kwa asilimia 27 tu. Uchafu peke yake ulikula nusu ya manufaa.

Hapo ndipo lilipo pia kosa kubwa la karatasi nyeusi inayobandikwa juu ya taa. Karatasi ikipitisha nusu ya mwanga, taa hupoteza nusu. Lakini kiakisi kilicho ndani ya taa hupoteza zaidi, kwa sababu mwanga hupita katika karatasi mara mbili, ukienda na ukirudi. Nusu ya nusu ni robo. Gari likiharibika usiku, wakati kiakisi ndicho mlinzi pekee, mwenyewe amekwisha mnyang'anya robo tatu za nguvu zake kwa ajili ya urembo.

HOJA YA GHARAMA

Itasemwa kwamba wenye malori na mabasi wanahangaika na bei ya mafuta, matairi na vipuri, na kwamba si haki kuwaongezea mzigo. Hoja hiyo ni ya kusikilizwa. Lakini tazama orodha ya mambo yaliyopendekezwa: kitambaa, msasa, skrubu, mita chache za utepe, na kwa gari dogo taa moja ya ziada. Fedha zinazotumiwa kuremba basi moja kwa taa za rangi zingetosha kulivalisha utepe lori zima. Kinachokosekana si fedha peke yake. Kinachokosekana ni maarifa ya kuchagua, na ukaguzi unaotazama hali ya taa njiani badala ya kuwapo kwake tu siku ya kukaguliwa. Mkaguzi anayeuliza "taa zipo?" atajibiwa zipo. Aulize kama breki inatofautiana na taa ndogo kwa mtu aliyesimama mita mia moja nyuma.

WAJIBU WA SHULE

Mambo yote yaliyoelezwa hapa yamo katika muhtasari wa fizikia ya sekondari: kuakisika kwa mwanga, rangi, kanuni ya Ohm, mwendo na upunguaji wake. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huweza kupata alama nzuri katika mada hizo zote, kisha akapanda basi la kwenda likizo asitambue kwamba taa zake za breki hazisemi kitu. Mwalimu mwenye betri ya volti 12 na balbu moja ya nyuzi mbili anacho chombo cha kufundishia muhula mzima.

Jaribio moja latosha kuonyesha njia. Karatasi nyeupe idondoshewe tone la mafuta ya kupikia, isimamishwe katika chumba chenye giza, balbu mbili za nyuma ziwekwe huku na huku, moja ikiwaka uzi wa wati 5 na nyingine wa wati 21. Balbu ya wati 5 iwe sentimita 20 kutoka kwenye karatasi, na ile ya pili isogezwe polepole mpaka doa la mafuta lipotee machoni. Hapo pande zote mbili zinapata mwanga sawa. Wanafunzi watakuta balbu ya pili iko karibu na sentimita 70, na kwa kuwa mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, watapata kwa hesabu yao wenyewe ule uwiano wa mara kumi na mbili. Kisha omu 1 iongezwe katika njia ya uzi wa wati 21, nao wapime tena. Watakaoiona balbu ikilazimika kusogezwa karibu hawatasahau maana ya kutu.

Wanafunzi hao ndio watakaokuwa mafundi, madereva, wakaguzi, wenye mabasi na wahandisi. Wakati wa kuwafundisha kutofautisha pambo na ujumbe ni sasa, kabla hawajashika usukani. Mwenye macho haambiwi tazama, husema wahenga. Lakini gizani, kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, hata mwenye macho hana budi kuambiwa, tena mapema, kwa neno moja lililo wazi. Kulitunza neno hilo ni wajibu wa kila mwenye gari, na kazi yenyewe yaweza kuanza kesho asubuhi kwa kitambaa na maji.